Stika ya ukaguzi haitoshi, leveli ipimwe kwa vigingi viwili

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wapima na mafundi ujenzi jambo moja. Stika ya ukaguzi inaeleza hali ya leveli, ile darubini ya kupimia tofauti za kimo cha ardhi, siku ilipobandikwa tu. Safari moja ya kurushwarushwa nyuma ya gari yatosha kuupotosha mstari wake wa kulenga, yaani mstari wa kuonea kupitia darubini, unaopaswa kuwa mlalo kabisa.

Wengi hukagua tu kiputo cha hewa kinachoonyesha kama mashine imekaa sawa: hukiweka katikati, huzungusha darubini nyuzi 180, na kikitoka kwenye duara hurudisha nusu kwa skrubu zake ndogo na nusu kwa skrubu za kitako. Ni sawa, lakini mstari wa kulenga bado haujaguswa.

Pigilia vigingi A na B kwenye ardhi ngumu, mita 60 baina yao, na usimamishe leveli katikati kabisa. Tuseme rula ya kupimia ikisimamishwa juu ya A inasomeka mita 1.482, na juu ya B mita 1.235. Tofauti ya 0.247 ni ya kweli hata kama mashine ni mbovu, maana umbali ukiwa sawa kosa huwa sawa pande zote mbili, nalo hufutika unapotoa. Kisha hamia mita 3 nyuma ya A. Ukisoma 1.561 kwenye A, B inapaswa kuwa 1.314. Ikitoka 1.320, mstari unapanda milimita 6 katika mita 60. Kazini, ukisoma rula iliyo mita 40 nyuma yako na iliyo mita 20 mbele, unaongeza kosa la milimita 2 kila kituo, na kwenye mtaro wenye mteremko mdogo hilo si dogo.

Usikimbilie skrubu ya kurekebisha mstari. Badili kimo cha leveli, urudie. Mara nyingi mkosaji ni stendi iliyolegea miguu, tope chini ya rula, au rula iliyoinama, ambayo daima husomeka zaidi. Kwa leveli ya kujisawazisha, gonga mguu wa stendi polepole huku ukichungulia: mstari utikisike na kurudi palepale. Usiporudi, pendulo ya ndani inayousawazisha imekwama. Peleka kwa fundi, skrubu haitasaidia.

Majibu yakifanana mara mbili, ndipo ugeuze kidogo kidogo skrubu ya msalaba (mistari miwili inayokatana uionayo ndani ya darubini), iliyo karibu na kioo cha kuchungulia, mpaka B isomeke 1.314. Kisha pima upya tangu katikati.

Mpima ardhi