Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tupeni nafasi ya kufundisha pamoja

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha Kiswahili Gredi ya 8 hapa Eastlands, na ombi langu ni moja. Walimu wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, watengewe muda kwenye ratiba wa kupanga na kufundisha kipindi wakiwa wawili, kila mmoja na somo lake.

Tangu uzinduliwe mwaka 2017, mtaala wa umilisi, unaotazama kile mwanafunzi anachoweza kufanya, umetuhimiza tuunganishe masomo. Miongozo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina sehemu nzima ya uhusiano wa mada na masomo mengine. Fizikia, kemia na bayolojia zimewekwa pamoja katika Sayansi Jumuishi, na mwaka 2024 masomo yakapunguzwa hadi 9. Nayaunga mkono yote hayo. Lakini dakika 40 zikiisha, kila mwalimu hubeba vitabu vyake na kuondoka, na kazi ya kuunganisha huachiwa mtoto.

Msimu wa masika, mimi na mwenzangu wa Hisabati tulijaribu. Wanafunzi walikata chupa ya plastiki, wakabandika rula ubavuni, wakaiweka uwanjani, na kila asubuhi wakaandika kiasi cha mvua. Kwa mwenzangu walichora grafu. Kwangu walimwandikia chifu barua rasmi kuhusu mtaro ulioziba karibu na lango.

Msichana mmoja, ambaye mafuriko ya 2024 yaliingia kwao Mathare, alianza na misemo ile tunayowazoesha: radi zikirindima, mbingu zikifunguka. Nikamuuliza chifu atafanya nini na radi. Akaichukua grafu yake, akaketi upya. Rasimu ya pili ilisema kwamba siku ya milimita 10 maji hayakuvuka lango, siku ya milimita 30 yalifika mlangoni mwa darasa, kisha ikauliza mtaro utazibuliwa lini. Aya tatu tu, na hakuna neno la kupunguza. Somo langu peke yake lisingemfikisha hapo.

Tulipanga hayo wakati wa chai na jioni baada ya shule. Afisa aliyekuja kutukagua alitaka kujua kipindi kile kiingie kwenye rekodi ya kazi ya nani, kwa kuwa fomu yake ilikuwa na nafasi ya somo moja. Simlaumu, ndivyo fomu ilivyo.

Wapo wanaohofia kwamba masomo yakichanganywa yatapwaya. Wana hoja. Grafu ya kupambia insha haimfundishi mtu hisabati. Ndiyo maana naomba walimu wawili, si mmoja abebeshwe yote. Tayari wengi wetu, tuliosomea masomo mawili chuoni, tunafundisha mengine ambayo hatukuyasomea.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, agiza kipindi cha kupanga pamoja kila wiki, kihesabiwe kuwa sehemu ya mzigo wa kazi. Fomu za ukaguzi zikubali andalio moja la somo lenye majina ya walimu wawili. Na Baraza la Mitihani liruhusu mradi mmoja upewe alama katika masomo mawili kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Hili la mwisho ndilo zito zaidi, kwa sababu mtihani wa Gredi ya 9 ukikaribia, kisicho na alama huachwa kwanza.

Mimi na mwenzangu tuko tayari kuanza muhula ujao.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Eastlands, Nairobi