Risala ya Wagonjwa wa Moyo kwa Mgeni Rasmi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madaktari na wauguzi wetu, ndugu mnaotuuguza, tunawasalimu na kuwashukuru kwa kufika.

Mheshimiwa, moyo ukishatibiwa kuna ugonjwa mwingine unaobaki bila kupimwa: sonona. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano waliopata shambulio la moyo huwa nayo, na mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kuwa huwaongezea hatari ya kufariki. Sisi tunaijua kwa sura nyingine. Mtu anaacha dawa, halali, hataki wageni, na nyumbani wanasema anadeka. Neno hilo linauma kuliko kidonda cha upasuaji.

Ndiyo maana tunakutana kwa simu na mwanasaikolojia, tukijifunza tiba ya utulivu wa akili: kuyaona mawazo yakija na kupita bila kuyafuata. Waliotunga tiba hii, Segal, Williams na Teasdale, waliipanga kwa wiki 8, kila kikao saa 2 hivi. Waliwalenga waliowahi kuugua sonona, si wenye moyo mgonjwa, hivyo imebidi tuikate kwa kipimo chetu. Kikao chetu ni saa moja, maana tunachoka mapema, na bando nalo lina mwisho.

Zoezi la kufuatilia pumzi ndilo lililotutesa. Mwenye moyo dhaifu akiambiwa asikilize pumzi yake, anahisi inakatika, mapigo yanapanda. Sasa anayeogopa huanza na nyayo zinavyogusa sakafu, au sauti za nje: adhana, bodaboda, chochote kinachosikika Mbagala jioni hiyo. Anayeishi chumba kimoja na familia haongei, anaandika. Kila mmoja ameacha namba ya ndugu na jina la hospitali ya karibu, ili maumivu ya kifua au mawazo ya kujidhuru yasimkute peke yake. Dawa zetu hatuziachi.

Mheshimiwa, tunaomba kliniki za moyo zituulize maswali mawili tu: kwa wiki 2 zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejisikia huzuni au kukata tamaa? Tunaomba pia utusaidie kurekodi mazoezi haya kwa Kiswahili, sauti tupu, yawekwe kwenye memori kadi. Wenzetu wa Chanika na Kigamboni wenye simu za kitochi bado wako nje ya kikundi, nao ndio wenye safari ndefu kufika kliniki.

Tunaomba kuwasilisha.