Sukari zikibanana

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinikuta nimeinamia kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Uliniuliza protini zinazoshika sukari zina nini hata zinikeshe. Ngoja nikusimulie.

Ninayotumia ni konkanavalini A, ambayo James Sumner aliitenga mwaka 1919 kutoka mbegu za mmea wa jamii ya kunde. Hushika manosi, lakini galaktosi huiacha ipite, ingawa sukari hizo mbili zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Kilichogeuka ni mkao tu wa vikundi vichache vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na hidrojeni!

Basi nikapandikiza manosi juu ya dhahabu, nikazisonga kweli kweli, nikiamini kwamba zikiwa nyingi protini zitanasa zaidi. Wapi! Tunamulika dhahabu kwa mwanga ambao pembe yake huhama protini zinapotua, na pembe haikusogea sana. Nikadhani protini imeharibika, nikaandaa nyingine. Hali ileile. Ndipo nikachanganya manosi na molekuli zisizoshikwa na protini, sukari zipate kuachana kidogo, na mstari wa grafu unaoonyesha protini zilizonaswa ukapanda.

Protini hii ina mifuko 4 ya kushikia, na kila mmoja peke yake hushika kwa ulegevu. Nguvu huja mifuko 2 inaposhika sukari 2 kwa pamoja: mmoja ukichomoka, mwenzake bado umeng'ang'ania, na ule wa kwanza hurudi kabla protini haijaelea mbali. Lakini sukari zikikaa bega kwa bega, mfuko utaingilia wapi?

Kuna jambo lililochapishwa mwaka 1999 ambalo bado linanisisimua. Lektini, yaani protini inayoshika sukari, ya mti wa Bauhinia purpurea iliwekwa mbele ya uso wenye sukari za aina mbili. Msongamano ulipobadilishwa, chaguo lake likageuka: ikaacha sukari iliyokuwa ikiipendelea, ikashika ile nyingine. Mimi naona protini haisomi molekuli moja moja. Inasoma uso mzima. Na seli zetu zimefunikwa na msitu wa sukari.

Kesho napunguza manosi hadi 1 kwa kila molekuli 100. Wewe mwenye kichwa cha hesabu, nikokotolee: zikitawanyika ovyo, ni ngapi zitakuwa na jirani ndani ya nanomita 7, karibu umbali wa mfuko mmoja hadi mwingine? Nijibu upesi, nakungoja.

Wako daima.