Waacheni watoto waguse

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye makumbusho moja. Kila akinyoosha mkono, sauti nyuma: "Usiguse!" Tuliporudi Wete, alichomhadithia bibi yake ni urojo tu.

Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyewahi kusomesha sekondari, alifungua makumbusho ya sayansi yaitwayo Exploratorium mjini San Francisco, Marekani, mwaka 1969. Humo mtoto huzungusha, huvuta, hukosea, hurudia. Kuna hata kuba lenye giza totoro, watu hutambaa ndani wakiongozwa na vidole vyao. Ningependa kulijaribu, ingawa magoti yangu yatakataa.

Beit al-Ajaib, jumba letu la makumbusho pale Mji Mkongwe, Unguja, ilipewa jina hilo kwa maajabu ya umeme na lifti. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Itakapofunguliwa, naomba kitengwe chumba kimoja cha kugusa. Zitundikwe kapi za jahazi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, mtoto ainue pishi kumi za karafuu aone uzito unavyopungua mkononi. Iwekwe dira ya nahodha na sumaku ya kuichezea.

Nimesomesha sayansi miaka 31. Kapi nilikuwa nikiichora ubaoni kwa chaki, na kapi zenyewe ziko bandarini, mteremko mmoja tu kutoka skuli.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba