Gari Tupu kwa Bei ya Gari Kamili? Maelezo Yetu Kuhusu Land Cruiser Hardtop

Kwa mara ya nne mwaka huu, mteja ameingia katika gereji yetu hapa Arusha na lalamiko lile lile: kwamba tulimshauri anunue gari tupu kwa bei ya gari kamili. Huyu wa mwisho ana kampuni ndogo ya utalii. Tulimkagulia Land Cruiser Hardtop, lile ambalo wengi hulifahamu kwa jina la mkonga kutokana na bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, akalinunua, na miezi miwili baadaye akapanda Prado ya mwenzake aliyetumia fedha pungufu kidogo kuliko yeye. Mwenzake ana viti vya ngozi, gia za otomatiki, kiyoyozi kinachofika hadi siti za nyuma na kamera ya kurudia nyuma. Yeye ana vioo vya kuzungusha kwa mkono, kapeti ya mpira na injini inayosikika kuliko redio. Alituambia waziwazi kwamba anaona ametapeliwa. Neno hilo limetuuma, na kwa kuwa tunaamini wapo wengine wanaowaza hivyo bila kutuambia, tumeona ni haki yao na yetu kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Ni kweli kwamba bei imepanda, na hatumlaumu mtu anayeshtuka. Magari haya huagizwa kwa dola. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, na mwaka 2024 ikavuka 2,600, kwa hiyo gari lile lile, bila kuongezewa hata bolti moja, lilipanda bei likiwa bado bandarini huko lilikotoka. Juu ya hapo huja kodi. Kwa viwango tulivyovizoea, gari la dizeli la injini kubwa lenye umri wa zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu ya ukubwa wa injini, asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18 inayohesabiwa juu ya jumla ya hivyo vyote. Ukikaa na karatasi na kalamu utaona kwamba kodi peke yake inaweza kupita bei ya kununulia na kusafirishia. Viwango hivyo havitazami kama viti ni vya ngozi au vya turubai, na ndiyo maana gari tupu halipati nafuu yoyote kwa utupu wake.

Kuna sababu nyingine ambayo madalali hawaisemi. Toyota iliacha kuuza Land Cruiser za familia ya 70, ambamo Hardtop imo, katika soko la Japani mwaka 2004. Iliporudisha chache mwaka 2014 ilileta za injini ya petroli, na dizeli haikurudi huko hadi mwaka 2023. Maana yake ni kwamba Hardtop ya dizeli ya mtumba kutoka Japani, ukiacha hizi za juzi, imeshapita miaka 20. Zilizo nzima ni chache, na wanaozitaka ni wengi: migodi, hospitali, mashirika ya misaada na sisi wa utalii. Mtu anayesubiri bei ishuke asubiri akijua hilo.

Sasa tuje kwenye thamani. Mteja analipia injini ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa cc 4,164, isiyo na turbo, ambayo imekuwa ikifungwa kwenye magari haya tangu mwaka 1990. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa kimakanika, bila kompyuta. Nozeli zake, zinazopulizia dizeli ndani ya injini, hufunguka kwa mgandamizo wa karibu baa 150, wakati mfumo wa kisasa wa Prado ya D-4D, yaani dizeli ya Toyota inayoongozwa na kompyuta, husukuma dizeli kwa zaidi ya baa 1,300 kupitia matundu membamba mno. Tofauti hiyo haionekani ukiwa kwenye lami. Sisi tuliiona Ndutu, msimu mmoja wa nyumbu, pale ambapo magari mawili ya kampuni tofauti yalijazwa dizeli kutoka pipa moja la kambini lililokuwa limeingia maji. Prado ilizimika kabla ya kufika lango la Naabi la Serengeti, ikavutwa hadi Karatu, na tulipoifungua nozeli zote nne zilikuwa zimeharibika. Hardtop nayo ilizimika. Dereva wake alifungua boneti, akalegeza koki iliyo chini ya filta ya dizeli, akaacha maji yatoke hadi dizeli safi ionekane, kisha akakibonyeza kile kitufe cha juu ya filta kwa kiganja chake mpaka kikawa kigumu, akapiga stata. Wageni wake hawakushuka hata garini. Alipofika kwetu tulimbadilishia filta na kusafisha tangi, na nozeli zake tulizipima, tukazikuta nzima, tukazirudisha palepale zilipokuwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa tairi za 7.50R16 zenye tyubu, ambazo wateja wengi huzidharau kwa wembamba wake na kuomba tuwafungie tairi pana zenye rimu za kung'aa. Tairi hiyo nyembamba huzibwa pancha kijiji chochote chenye kijana mwenye vyuma viwili na nyundo. Tairi pana hupendeza, lakini huchosha beringi za magurudumu, huongeza uzito wa usukani, na ikipasuka Loliondo utaisubiri nyingine kutoka Arusha.

Tunachohuzunika nacho ni kwamba mteja akishalipa bei hii kubwa hujaribu kuirudisha fedha yake kwa kubana matumizi mahali pasipostahili. Dashibodi ya gari hili ina taa iliyoandikwa T-BELT. Katika mengi ya magari haya huwaka kila kilomita 100,000 kumwambia mwenye gari abadilishe mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na wapo wauzaji wanaofanya hivyo asubuhi ya siku ya kukuonyesha gari. Mteja mmoja alinunua kupitia kwa dalali bila kutuita. Alipotuletea gari kwa servisi ya kawaida tulifungua kava na kukuta mkanda umepasukapasuka mgongoni, meno mawili yamelika pembe, na vumbi jeusi la mpira limetanda ndani ya kava lote. Tulimwonyesha kwa tochi. Alijibu kwamba taa haijawaka na kwamba tunamtafutia gharama. Wiki tatu baadaye mkanda ulikatika kati ya Mto wa Mbu na Engaruka. Katika injini hii mkanda ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Tulishusha silinda hedi, tukabadilisha valvu zilizopinda, tukapeleka hedi kuchongwa, na gari likalala kwetu siku 11 katikati ya msimu. Fedha aliyoilipa ingetosha kununua mikanda isiyopungua 20, pamoja na tenshena zake, zile roli zinazoukaza mkanda.

Wengine hulalamika kwamba gari ni zito kupanda mlima, na hapo wanasema kweli. Ukiwa na wageni sita na mizigo, mlima wa Rhotia hupandwa kwa subira. Dawa wanayoitafuta ni kufungiwa turbo ya dukani. Injini hii haikutengenezwa kwa ajili ya turbo, na anayeisukuma kupita kiasi kwa muda mrefu huanza kwa gari kuchemsha na huishia kwa hedi kupata nyufa. Tumebadilisha hedi za namna hiyo mara kadhaa, na kila mara tulimrudishia mwenye gari turbo yake ndani ya boksi.

Lakini njia ya mkato inayotutisha zaidi ni ya chesisi. Gari la utalii hurefushwa ili liingie siti zaidi, na kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu maisha yote ya gari. Sisi hukata kwa mshazari, huingiza pleti ndani ya chesisi kabla ya kuchomelea, huongeza pleti ya nje inayopita mbali na kiungo pande zote mbili, kisha hurefusha propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na kuipeleka kubalansiwa. Bomba za breki hubadilishwa zima, haziungwi katikati. Mteja mmoja aliona bei yetu, akaenda kwa fundi aliyemtoza nusu. Mwaka uliofuata dereva wake alituletea gari akisema kitasa cha mlango wa nyuma ni kibovu, kwa kuwa mlango ulikataa kufunga. Tulipiga jeki katikati ya gari na mlango ukafunga wenyewe. Tulilala chini tukakuta chesisi imekatwa wima kama msumeno ulivyoshuka, ikachomelewa juujuu bila pleti yoyote, na ule mshono ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha sarafu. Gari hilo lilikuwa limetoka kushuka kreta ya Ngorongoro siku iliyotangulia, likiwa na wageni ndani.

Nirudi kwa mteja wetu wa mkonga, maana sehemu ya hasira yake ilikuwa juu ya bili ya kuliandaa gari baada ya kulinunua. Aliuliza kwa nini gari tulilolisifu lilihitaji kufunguliwa hab zote mbili za mbele, yaani vitovu vya magurudumu. Tulimwonyesha picha tulizopiga siku ile: sili ya ndani ilikuwa imechoka, mafuta ya difu (gia za ekseli) yamepenya na kuchanganyika na grisi, na kilichokuwa ndani ya hab kilikuwa chepesi kama uji. Katika taarifa ya ukaguzi tulikuwa tumeandika kwamba hab zinavuja, na muuzaji alipunguza bei kwa sababu hiyo. Tunafungua pande zote mbili kwa pamoja, tunabadilisha sili na beringi, na hatupangusi mafuta kwa nje tukasema imepona. Ni kazi ya siku mbili, na bei yake ni ya siku mbili.

Pamoja na hayo, si kila mtu tunamshauri anunue gari hili. Anayeishi mjini, anayewapeleka watoto shule na kwenda Moshi kwa lami, atalipia uimara asioutumia, na atapanda gari ambalo, katika modeli nyingi za chini za miaka iliyopita, halina mifuko ya hewa wala breki za ABS. Familia tatu mwaka jana tuliziambia wazi zichukue gari jingine, na tulikosa kazi yao. Kwa anayeingia Serengeti na Natron wiki baada ya wiki, ambaye kila siku gari linapolala gereji anarudisha fedha za wageni, jibu letu halijabadilika pamoja na bei ya sasa, mradi amenunua lililo zima na hakulipamba kwa fedha ya mkanda.

Mteja wetu hajasema kama ameridhika. Alichukua nakala ya taarifa yake, na servisi yake ya kilomita 5,000 imo katika ratiba yetu. Kwa wanaotaka kununua, tunaomba mtuite kabla ya kulipa hata malipo ya awali, na mpatane na muuzaji kwamba gari lisiwashwe asubuhi hiyo, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka hujionyesha inapowashwa ikiwa baridi, kwa moshi wake na kwa muda inaochukua kushika. Tukifika tukashika boneti tukaikuta ina joto, tunaahirisha ukaguzi hadi kesho yake, na siku hiyo hatumtozi mteja.