Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu ameshazieleza mweka hazina, nami sitazirudia. Itoshe kusema chama hakina deni. Wanaodaiwa ada wanajijua.

Mazungumzo yetu ya mwaka huu yalimhusu kocha mmoja, Bobby Williamson. Wapo waliouliza kwa nini makocha wa vijana wa Nairobi wamalize Jumamosi zao wakimjadili Mskoti. Ni kwa sababu wengi wetu hukabidhiwa timu katikati ya msimu, mwenzetu akiwa ameshafukuzwa, na huyu bwana aliiweza kazi hiyo zaidi ya mara moja.

Mzaliwa wa Glasgow, alikuwa mshambuliaji: Clydebank, Rangers, West Bromwich Albion, Rotherham, kisha Kilmarnock, ambako alitundika daluga na kuingia ukocha. Desemba 1996 alipewa timu ya wakubwa. Mei 1997, pale Ibrox, Kilmarnock ikaifunga Falkirk 1-0 na kutwaa Kombe la Uskoti, la kwanza tangu 1929. Plymouth Argyle ya Uingereza alifika Aprili 2004, kocha aliyemtangulia, Paul Sturrock, akiwa ameshahamia Southampton, na timu ikapanda daraja msimu huo huo. Gor Mahia tulimwona kwa macho yetu: alipokea kijiti katikati ya 2013, na K'Ogalo, kama mashabiki wa Gor waiitavyo, wakawa mabingwa wa ligi ya Kenya baada ya kungoja miaka 18.

Baadhi yenu mlisema alivuna asichopanda. Sikubaliani. Kocha akifika tu hutaka ijulikane amefika: anabadili mfumo, anamweka nahodha benchi, anaita vijana wake. Kujizuia nako ni kazi, tena ngumu.

Timu ya taifa ya Uganda, Cranes, ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, maana kati ya 2008 na 2013 huko alipanda mwenyewe. Alibeba mataji manne ya CECAFA, kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati, mawili kwa kutufunga sisi Kenya fainali. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ikamkatalia. Oktoba 2011 pale Namboole tuliwabana kwa sare tasa, Angola ikafuzu kwa tofauti ya pointi moja. Mwaka uliofuata, uwanja huo huo, Cranes wakaifunga Zambia, mabingwa wa Afrika, 1-0. Jumla ya mechi mbili ikawa 1-1, na mikwaju ya penalti ikawatoa Cranes 9-8. Kuna waliosema katika kikao chetu cha kuijadili Uganda kwamba kocha hafundishi penalti. Mimi nasema anafundisha, ila mkwaju wa kumi na saba haufanani na wa mazoezini. Aprili 2013 akaachishwa kazi.

Harambee Stars, timu yetu ya taifa, alidumu kuanzia Agosti 2014 hadi Februari 2016, kipindi ambacho hakikutupa mengi ya kujadili.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Frank Nuttall, Mskoti mwingine, aliyeichukua Gor Williamson alipoondoka 2014, akautetea ubingwa, na 2015 akamaliza ligi bila kupoteza mechi. Mwenye jina tofauti amwone katibu kabla ya kikao cha kwanza.

Mwenyekiti