Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania): mwanafunzi asipandishwe Kilimanjaro kwa ratiba ya mtu mzima

Ndugu Kamishna,

YAH: USALAMA WA MAKUNDI YA WANAFUNZI KUTOKA NJE WANAOPANDA MLIMA KILIMANJARO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni waongozaji, wapishi na wagumu, yaani wabeba mizigo, wa mlima huu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu pia walimu, wazazi na kampuni za Moshi na Arusha, ambao barua ya ofisini isingewafikia.

Shule za Ulaya na Marekani zikifungwa katikati ya mwaka, mageti yetu hupokea makundi ya wanafunzi wa miaka 15 hadi 18. Mara nyingi safari yao ina sehemu mbili: wiki moja au mbili za kujitolea kijijini, kupaka rangi madarasa au kujenga choo cha shule, kisha mlima. Getini wanaandikishwa kama mgeni mwingine yeyote. Aliyetimiza miaka 10 anaruhusiwa kwenda kileleni, na umri ukishaonekana sawa hakuna anayeuliza zaidi. Tunaomba kundi la shule liwe na fomu yake, ikaguliwe kabla ya kibali kutoka, na fomu hiyo iseme bila kificho kwamba neno la mwisho la kumshusha mtoto ni la kiongozi wa mlima. Si la mwalimu, si la wakala, wala si la mtoto mwenyewe.

Mtu mzima aliyelipa fedha zake akiumwa kichwa anasema. Kijana wa miaka 16 hasemi. Amechangisha nauli mwaka mzima, ndugu na majirani wametoa, rafiki zake wote wanapanda, na hataki awe yeye aliyewakwamisha. Anatapika nyuma ya hema, anarudi mezani na kusema ameshiba. Mwalimu ana tiketi za ndege zisizobadilishika. Kiongozi naye anajua kwamba kundi lisilofika kilele cha Uhuru hutoa bakshishi ndogo. Kila mmoja ana sababu ya kunyamaza, kwa hiyo uamuzi usiachwe uje kufanywa saa tisa usiku. Uandikwe na kusainiwa mchana, getini, watu wakiwa na akili zao timamu. Uingereza wana kiwango kiitwacho BS 8848, cha mwaka 2007, kinachotaka mwandaaji mmoja awajibike kwa safari nzima, hata kwa kazi alizowakabidhi wengine. Hapa kwetu mnyororo ni mrefu: shule, wakala wa kwao, kampuni ya hapa, kiongozi. Likitokea la kutokea, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Tuanze na siku. Kanuni ya madaktari wa milimani inajulikana: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na usiku wa kulala palepale. Sasa ipime njia ya Marangu ya siku 5 kwa kanuni hiyo. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na usiku huohuo wanaamshwa waanze kupanda kuelekea 5,895. Ni mita 1,000 leo, mita 1,000 kesho, kisha elfu na ushei gizani. Ukiongeza usiku mmoja Horombo zikawa siku 6 inasaidia, ingawa mruko wa Horombo hadi Kibo unabaki vilevile.

Njia ya Machame ya siku 6 ina kasoro ambayo mgeni haioni kwenye karatasi: inaruka kambi ya Karanga. Watoto wanatoka Barranco, kama mita 3,960, wanapanda ule ukuta wa mawe asubuhi, wanafika Barafu, karibu mita 4,670, alasiri wakiwa hoi, wanakula kidogo, wanajinyoosha saa chache, wanaamshwa. Ya siku 7 inalala Karanga, kwa hiyo siku ya Barafu inakuwa fupi na mchana mzima ni wa kupumzika na kunywa. Kwa makundi ya shule tunaomba Lemosho iwe siku 8, Machame na Rongai siku 7, na Marangu isipungue 6. Njia ya Western Breach, ambako Januari 2006 mawe yaliporomoka na kuua Wamarekani watatu, wasipewe kabisa.

Jambo la pili ni hesabu ya watu usiku wa kilele, na hapa tunaomba utuvumilie kidogo, maana ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Chukua kundi la wanafunzi 12, walimu wawili na viongozi wanne, idadi ambayo kwenye orodha inaonekana ya kutosha. Saa nane usiku msichana anaanza kuyumba. Anashuka na kiongozi mmoja, na kwa kuwa ni mtoto wa shule mwalimu wa kike anashuka naye. Saa kumi mvulana anatapika mfululizo. Kiongozi wa pili anashuka. Wamebaki wanafunzi 10, mwalimu mmoja na viongozi wawili, mita 5,500, baridi nyuzi 15 chini ya sifuri. Wa tatu akizidiwa, hakuna wa kumshusha bila kuligawa kundi tena. Hapo ndipo anapoambiwa avumilie tu mpaka Stella Point, ukingoni mwa kreta, na kila mita anayoongeza inamwongezea ugonjwa.

Usiku ule kuwe na kiongozi mmoja kwa kila wanafunzi wawili, na mkuu wao juu yake. Kwa kundi hilo ni saba. Wawepo pia wagumu wawili waliofunzwa, wenye nguo za kileleni za kweli, si koti la kuazima. Walimu wawe watatu, mmoja abaki Barafu au Kibo na redio, maji ya moto na mpishi aliye macho, ili anayeshuka akute mtu mzima wa kumpokea. Ifikapo saa mbili asubuhi, asiyefika Stella Point, au Gilman's Point kwa njia ya Marangu, anageuka, hata kama anasema yuko sawa.

Oksijeni nayo hupita getini kwa jina tu. Askari anauliza kama ipo, anaonyeshwa mtungi, safari inaendelea. Fanya hesabu: mtungi wa lita 2 uliojazwa hadi presha ya bar 200 una lita 400 za oksijeni. Ukifunguliwa lita 2 kwa dakika unadumu saa 3 na dakika 20. Kwa lita 4, saa 1 na dakika 40. Kumshusha mgonjwa asiyeweza kutembea kutoka juu ya Barafu hadi Mweka Camp kunaweza kumaliza mtungi huo na njia bado ndefu. Na hiyo ni kama ulikuwa umejaa. Mara nyingine kundi lililotangulia limeutumia na geji inasoma bar 60, au kichwa cha kupunguzia presha si cha mtungi ule, au barakoa imebaki stoo. Ukaguzi wake hauchukui dakika tatu: funga kichwa, fungua valvu, soma geji kwa macho yako, vesha barakoa, weka lita 2 na usikilize kama hewa inatoka. Kundi la wanafunzi 12 lisipite na mitungi chini ya miwili iliyojaa, na mmoja upande na kundi usiku wa kilele badala ya kubaki kambini.

Vifaa visivyojaribiwa vimeua watoto kwingine. Agosti 2011, huko Svalbard, visiwa vya Norway, kambi ya vijana wa Uingereza ilizungushiwa waya wa tahadhari wenye fataki wa kuzuia dubu. Waya huo ulikuwa umepungukiwa vipuri, vikafidiwa kwa vibanio vya karatasi. Dubu aliingia na fataki hazikulipuka. Kijana wa miaka 17 aliuawa.

Kile kipimo cha kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu, wengi wanakitumia vibaya. Mtoto anafika kambini anahema, kidole kimeganda, kucha zina rangi, anapimwa, namba inaandikwa. Akae kwanza dakika tano, apashe mikono joto, kucha iwe tupu, na namba isomwe ikishatulia. Hata hivyo namba peke yake haitoshi, kwa kuwa mwinuko wa Barafu mtu asiyeumwa anaweza kusoma asilimia 80. Mtazame mtu. Mwambie atembee mita tatu mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba, au akishindwa kujibu swali jepesi, ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa tu, kikohozi kikawa cha majimaji, mapafu yanajaa. Wote wawili wanashuka saa hiyohiyo, usiku au mchana, mita 1,000 au zaidi ikiwezekana. Helikopta isingojwe, kwani wingu likifunga au giza likiingia haifiki. Ada ya uokoaji ya dola 20 ambayo kila mpandaji wa kigeni hulipa ni ya machela na vijana wako wa uokoaji, na wao waitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea.

Dawa zina mkanganyiko wake. Tunaona walimu wenye mfuko mmoja wa vidonge wanaogawa kama peremende. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima, kwa kijana hupangwa kwa kilo zake na daktari wa kwao, kwa idhini ya mzazi, kabla hajapanda ndege. Dawa za maumivu huficha kichwa kinachouma, kwa hiyo aulizwe amemeza nini kabla ya kuulizwa anajisikiaje. Deksamethasoni, dawa ya dharura ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ni ya kushukia. Aliyepewa akapata nafuu asipelekwe juu hata hatua moja.

Kuna madogo pia, ambayo getini hayaonekani. Watoto wengi, hasa wasichana, huacha kunywa maji jioni kwa sababu choo kiko mbali na kuna giza. Waweke hema karibu na choo, wapewe choo cha kundi, watembee wawili wawili. Asiyejisikia vizuri asilale peke yake. Dawa ya pumu ya kuvuta na insulini vilale ndani ya begi la kulalia, vikigusa mwili, kwani insulini iliyoganda haifai tena na kopo la pumu likipoa sana halitoi dozi kamili.

Tunajua kazi za kijijini haziko chini ya mamlaka yako. Lakini matokeo yake yanapanda mlima. Mtoto aliyelala wiki nzima ukanda wa chini wa Moshi, kwenye mashamba ya mpunga, akang'atwa na mbu mwenye malaria, homa huanza kuanzia kama siku ya saba, yaani tayari yuko kambi ya Shira, juu mlimani. Kichwa, kutapika, kuchoka: kila mtu anasema ni mlima. Ugonjwa wa mlima wa kawaida hauleti homa. Joto likipanda, apimwe kwa kipimo cha haraka cha malaria na ashushwe, hata kipimo kikisema hana. Kila kundi libebe vipimo hivyo na mtu anayejua kuvitumia. La maana zaidi ni mpangilio: mlima utangulie, kijiji kifuate. Ikishindikana, ziwepo siku tatu za kupumzika katikati, na mwenye kuhara au homa ndani ya siku hizo asipande. Mahakama ya juu ya jimbo la Connecticut, Marekani, iliamua mwaka 2017 kwamba shule inayopeleka wanafunzi nje ina wajibu wa kuwaonya au kuwakinga na magonjwa makubwa ya wadudu, katika kesi ya msichana aliyepata ugonjwa wa ubongo unaoenezwa na kupe akiwa ziarani China mwaka 2007. Shule zenyewe zitakuunga mkono kwa hili.

Kuhusu kazi yenyewe ya kujitolea, maneno machache kwa walimu: mwanafunzi asiingie kwenye shimo la choo, asipande paa, na asishike saruji mbichi bila glavu na buti, maana inachoma ngozi polepole naye hajui mpaka jioni.

Na barabara. Watoto waliotoka kileleni alfajiri, wakashuka hadi Mweka, hawapaswi kupakiwa kwenye basi dogo la Coaster usiku kuwahi ndege au mbuga. Ajali ya basi la wanafunzi Karatu, Mei 6, 2017, iliyochukua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, nchi haijaisahau. Mikanda iwepo kila kiti, safari iwe ya mchana, na usiku mmoja wa kulala Moshi uwe ndani ya ratiba inayoonyeshwa getini.

Bima pia ikaguliwe palepale. Zipo zinazoishia mita 3,000 au 4,500, na mzazi hajui. Iandikwe mita 6,000.

Haya yote yanaingia kwenye karatasi moja, pande mbili. Tunapendekeza ijaribiwe mageti ya Machame, Londorosi na Marangu kabla msimu wa Juni haujaanza, na askari wa mageti hayo wapewe mafunzo ya siku moja ya kukagua mitungi na kusoma ratiba. Waongozaji wazoefu wa kufundisha wapo, na tuko tayari kuja ofisini kwako Arusha au kukutana Moshi, siku utakayopanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Waongozaji, wapishi na wagumu wa Mlima Kilimanjaro
Moshi

Nakala:
Waziri wa Maliasili na Utalii
Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro
Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro